Msimu wa korosho ukiharibika: kanisa dogo lisilo na mfadhili lifanye nini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa jumuiya katika kigango kimoja wilayani Tandahimba. Karibu sote tunategemea korosho. Msimu uliopita ugonjwa wa ubwiri unga ulitupiga vibaya, mikorosho mingi haikuzaa kitu. Sasa ni Februari, chakula kimepungua, na wengine wameanza kuchukua hela za kangomba, yaani kuuza zao mapema kwa bei ya chini, kwa korosho ambazo hazijatoa hata ua. Kuna familia tatu hazionekani tena kanisani. Kigango chetu ni maskini na hatuna mfadhili. Zaidi ya kuwaombea, tufanye nini?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika ni zile familia tatu. Ubwiri unga tutauzungumza, na kangomba pia, ila nianze na hao, maana umeandika kama vile imani yao imepoa. Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, nimefanya kazi ya ugani na ya vyama vya msingi huku kusini kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi nilipomtafuta mkulima aliyepotea kanisani nilimkuta na Biblia yake mezani. Kilichomzuia kuja kilikuwa bahasha ya michango.

Nikusimulie ya baba yangu mdogo. Unaukumbuka msimu wa 2018/19. Wakulima walizikataa bei za minada, na mwezi Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo. Korosho zikaingia ghalani, ukafuata uhakiki wa kuwatenganisha wakulima na wanunuzi wa kangomba, na wapo waliosubiri hela zao hadi mwaka mwingine ukawa umekwenda mbali. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Magunia yameshatoka nyumbani, stakabadhi anayo mkononi, hela hakuna. Kanisani kwao zikakusanywa bahasha za ahadi. Yeye akatia kikaratasi ndani ya yake: "Nitaleta korosho zikilipwa." Aliyekuwa akifungua bahasha akakisoma kile kikaratasi kwenye matangazo, mbele ya watu wote, na watu wakacheka. Hakuwa mtu mbaya, nadhani alitaka kuwahimiza wengine. Lakini baba mdogo hakukanyaga tena pale mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata. Na katika kipindi hicho ndipo aliporehani mikorosho yake kumi na miwili kwa jirani, na hakuna mtu wa kanisa aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiwagharimu hata shilingi. Chukueni kalenda ya michango yenu muiweke kando ya kalenda ya mazao. Ufuta unauzwa Juni na Julai. Mbaazi zinafuata, Agosti na Septemba. Korosho zinaokotwa kuanzia Oktoba, na malipo yake yanaendelea hadi Desemba, hata Januari. Baada ya hapo mkulima wa Tandahimba hana kinachoingia. Januari amenunua sare na madaftari ya mtoto wa kidato cha kwanza. Februari na Machi ni palizi, ghala linapwaya, mahindi mapya bado yako shambani. Sasa angalia Kwaresima inaangukia wapi. Inaangukia pale pale. Tunawahubiria watu kufunga wakati wengine wamekwisha kufungishwa na debe tupu, na juu yake tunawapa bahasha ya Kwaresima.

Sisemi mfute sadaka. Mtu maskini naye anataka kutoa, na kumkatalia ni kumvunjia heshima. Nasema halmashauri ya walei ikae na paroko, ahadi na michango mikubwa yote ihamishiwe Novemba na Desemba, na kuanzia Februari hadi Aprili ibaki sadaka ya kawaida tu, hata kama ni yai au fungu la kisamvu. Paroko anaweza kuwaambia kwamba jimbo lina tarehe zake za kuwasilisha. Ni kweli. Lakini kigango kinaweza kukusanya Novemba, kikatunza, na kuwasilisha tarehe ikifika. Na majina ya wasiolipa yasisomwe tena, wala yasibandikwe mlangoni. Hilo msilifanyie majaribio, liacheni kabisa. Vivyo hivyo ule utaratibu wa mazishi unaoanza kwa kuuliza kama marehemu alikuwa "amemaliza michango". Nimeusikia katika makanisa zaidi ya moja, langu likiwemo, na kila mara nimeona aibu.

Hapo kuhusu mfadhili umenigusa pabaya, kwa sababu ni ugonjwa wetu wa kusini. Huku kanisa liliingia kama misheni. Masasi ilianza mwaka 1876 kwa kijiji cha watumwa waliokombolewa. Ndanda ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1906, na hadi leo mtu akiugua sana Newala au Tandahimba, jina la Ndanda linatajwa. Hospitali, shule, karakana, vyote tulivikuta vimesimamishwa na watu wenye fedha za mbali. Ni mema makubwa na tunayashukuru. Ila yalituzoesha kuamini kwamba kanisa husaidia pale tu linapokuwa na mzungu au mradi. Jumuiya yenu ya kaya thelathini inajiona haina kitu. Hebu tuhesabu.

Tuseme baba mmoja ameuguliwa mtoto mwezi huu. Anahitaji Sh 50,000. Anakwenda kwa mtu wa kangomba, anapewa hela kwa makubaliano ya kilo moja kwa Sh 1,000, atalipa msimu ukifika. Maana yake amekwisha kuuza kilo 50. Msimu unafika, mnada unatoa, tuseme, bei ile ile ya 2018 ya Sh 3,300. Kilo 50 zile zingekuwa Sh 165,000 kabla ya makato ya chama. Amekopa elfu hamsini kwa miezi minane akalipa elfu mia moja na sitini na tano. Na kipimo chenyewe mara nyingi ni bakuli, si mizani, na bakuli la mnunuzi lina tumbo kubwa kuliko unavyoliona. Bei za minada zikipanda ndivyo hasara inavyozidi. Msimu wa 2024/25 zilipita Sh 4,000, na waliokwisha kuuza maua yao mwezi wa pili walibaki kutazama.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Kaya thelathini, kila moja ikitoa Sh 10,000 siku korosho zinapolipwa, mna Sh 300,000 mkononi ifikapo Desemba. Hiyo ni mikopo sita ya elfu hamsini, isiyo na riba, inayorudi Novemba. Kwa uzoefu wangu shida nyingi zinazomsukuma mtu kwenye kangomba ni za kiasi hicho: nauli ya kwenda hospitali, dawa, madaftari, debe mbili za mahindi. Siri yake ni kwamba hela iwepo Februari. Ikija Julai, mtu ameshasaini.

Msiufanye mfuko huo kuwa VICOBA kingine, yaani kikundi cha kununua hisa na kukopa. VICOBA ni vizuri, vipo, na wanaoweza kununua hisa waendelee. Lakini asiyeweza kununua hisa ndiye tunayemzungumzia hapa, na kwenye kikundi cha hisa yeye hana sauti. Ninyi mnao mfano wa ule mfuko mdogo wa jamii ambao vikundi vingi huwa nao, ule wa msiba na ugonjwa, unaotolewa bila faida. Ukuzeni huo. Na kwa kuwa hauna riba, jirani yako Mwislamu naye anaweza kuchangia na kukopa bila dhamiri kumsuta. Nitarudi kwake.

Sehemu ya hela hiyo iwe chakula, msiiache yote kuwa noti. Mahindi ya Songea yanaposhushwa kwa malori baada ya mavuno bei inakuwa ya kiungwana, na ikifika Februari inakuwa imepanda. Nunueni Julai au Agosti kwa hela iliyobaki au kwa mchango wa ufuta, muyahifadhi katika mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hafui dafu ndani yake. Yaanikwe yakauke barabara kwanza. Ukiyatia mabichi kwenye mfuko ule yanaota ukungu, na mahindi ya ukungu ni sumu. Mtu akikopa debe Februari, arudishe debe Juni au Julai, mahindi kwa mahindi. Tafadhali asirudishe korosho. Nimewahi kuona kikundi cha kanisa kikikopesha mahindi na kudai korosho, kwa nia njema kabisa, na walipopiga hesabu wakagundua wamekuwa kangomba yenye msalaba ukutani. Walilia, kisha wakabadilisha.

Sasa hao ambao wameshachukua hela. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Msichukue fedha ya mfuko kwenda kumlipa mnunuzi madeni yote ya watu. Mtamfilisi mwenzenu na kumtajirisha yule, na wiki ijayo atakopesha tena. Inayofaa ni kumsindikiza mdaiwa. Watu wawili wenye heshima, mzee mmoja na mama mmoja, wakae na mnunuzi wamwombe deni ligeuzwe kutoka korosho kuwa fedha: alichukua elfu hamsini, atarudisha elfu hamsini na kitu cha shukrani, Novemba, kwa maandishi, mashahidi wakiwepo. Wanunuzi wengi hukubali kuliko unavyodhani. Wanajua serikali imeipiga marufuku kangomba na hawapendi jambo lao lifike mbele. Lakini msiende kwa vitisho vya kuwashitaki, kwa kuwa ni mtu mliyezaliwa naye kijiji kimoja na mtoto wake akiugua usiku atagonga mlango huo huo. Deni ni deni, aliyekopa alipe. Kinachotafutwa ni alipe kwa haki.

Na huenda mtu huyo anakaa benchi la mbele. Niliseme wazi kwa sababu hakuna anayelisema. Katika vijiji vyetu mwenye hela ya kukopesha Februari ni mwenye duka, ni mwalimu mstaafu, ni karani wa zamani wa chama, na mara nyingi ndiye huyo huyo aliyetoa bati za kanisa. Padri anamhitaji, wazee wanamheshimu. Someni sura ya tano ya Nehemia kwenye jumuiya, jioni moja, bila kumtaja mtu. Wale watu walikuwa wamerehani mashamba na mizabibu yao wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia aliwaita wakubwa wale, akasema nao uso kwa uso, nao wakakubali kurudisha. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo wilaya ya Newala. Baada ya kusoma, mzee mmoja alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mimi nina watu tisa." Hakuna aliyemuuliza. Msimu ule alipokea fedha yake na faida kidogo, korosho za watu zikaenda ghalani kwa majina yao wenyewe.

Fedha na mahindi vikishakaa sawa, kumbukeni kwamba jumuiya ina mikono. Mkulima aliyeelemewa hupoteza msimu wa pili kwa sababu ya msimu wa kwanza. Alikosa hela, kwa hiyo akaenda kibarua kulima shamba la mtu, kwa hiyo lake likaota majani, kwa hiyo mwaka huu tena hatavuna. Jumuiya ikitoka asubuhi moja watu kumi na tano na majembe, ekari moja ya muhogo inapaliliwa kabla jua halijawa kali. Ujima huo babu zetu waliujua. Mwenye shamba apike uji tu kama anao, na kama hana, mjibebee.

Kwa mikorosho ujima una faida ya ziada. Ubwiri unga ni ukungu unaosambazwa na upepo. Ukipuliza shamba lako vizuri na jirani yako mgonjwa hakupuliza, ugonjwa unalelewa kwake na kurudi kwako. Kumpulizia mgonjwa ni kujikinga mwenyewe. Kwa hiyo mwezi wa tano na wa sita, kabla maua hayajachanua, orodhesheni mashamba ya wajane, wagonjwa na wazee. Safisheni chini ya mikorosho mapema ili mashine ipite. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo ukiwa haujaamka. Unajua mwenyewe sauti ya mashine ile saa kumi na moja, na vijana wanavyotoka huko nyusi zikiwa za njano. Wavae barakoa na miwani, tafadhali, na waoge kabla ya kula. Vijana wa kanisa wenye nguvu ya kubeba mashine wanafaa kuliko semina tatu.

Hapo hapo kuna jambo dogo la karatasi ambalo limewaumiza wajane wengi. Pembejeo za ruzuku za korosho hugawiwa kwa wakulima waliosajiliwa. Mume akifa, mikorosho inabaki kwa jina lake, na salfa ikija mama anaambiwa hayumo. Ikija zamu ya kuuza, anapitisha korosho zake kwa jina la shemeji, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya shemeji, na kuanzia hapo ni kesi ya ukoo. Wewe ni katibu, unajua kuandika. Kaa na kila mjane wa jumuiya yenu, uliza jina lake limo kwenye usajili, kwenye chama cha msingi, na kama ana akaunti yake. Asipokuwamo, mpelekeni kwa ofisa ugani na kwa mtendaji wa kijiji kabla pembejeo hazijaanza kugawiwa. Tangazo la siku za usajili lisomwe kanisani, nafasi ya majina ya wadaiwa tuliyoyaondoa ipo wazi. Na msimu ukifika, kijana mmoja anayejua kusoma akae na wazee baada ya ibada, awaangalizie stakabadhi: kilo zilizoandikwa ni zile zilizopimwa? Daraja ni la kwanza au la pili? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, nimeona wakulima wengi wakiweka karatasi hiyo chini ya godoro bila kuisoma, na makosa yakigunduliwa baada ya malipo yanakuwa magumu kurekebisha.

Kuhusu maji nitasema kifupi, ingawa nalipenda. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu, na kuanzia Septemba familia masikini hutumia hela ya chakula kununua ndoo. Paa la kanisa lenu huenda ndilo bati kubwa kuliko yote kijijini. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kanisa la mita kumi kwa ishirini, mvua moja nzuri ya milimita ishirini inawapa lita elfu nne. Watu wa uwanda wanajua kuchimba kisima cha mvua na kukisakafia kwa saruji, kila nyumba yenye uwezo inacho. Mkipata bahati ya mfadhili siku moja, badala ya kumwomba kinanda mwombeni saruji na mifereji ya bati. Na shamba la kanisa lililolala pori, pandeni muhogo wenye afya, mbegu ya kuaminika muiulizie TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ili msimu mbaya mwenye shida apate pingili za kupanda pamoja na chakula cha siku mbili.

Nyumbani kwenyewe je? Korosho zikilipwa ndipo ndoa nyingi za huku zinapotikisika. Baba ndiye mwanachama wa chama, akaunti ni yake, mama ameokota korosho tangu Oktoba mgongo umepinda na hajui zimelipwa shilingi ngapi. Hela inaingia Ijumaa, Jumatatu haipo. Kisha kuna unyago na jando la Desemba, na hakuna anayetaka mtoto wake achezwe kwa unyonge kuliko wa jirani. Mimi sipigi vita ngoma. Kanisa letu la Masasi, enzi za Askofu Lucas, lililiingiza jando ndani ya maisha ya Kikristo badala ya kulilaani, na naamini lilifanya jambo la busara. Lakini gharama zizungumzwe. Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, waiteni wanandoa wote jioni mbili. Kila mume na mke waandike pamoja: chakula cha hadi Aprili, shule, bima ya afya ya kaya, maandalizi ya mikorosho, mfuko wa jumuiya, halafu ngoma. Nimeona wanaume wakubali mpango huo mbele ya padri ambao wasingeukubali mbele ya mke peke yake.

Sasa neno ambalo ni zito kidogo. Ukienda kwa hizo familia tatu, ukakuta baba hasemi, halali, hali, anagawa vitu vyake, au anasema "afadhali nisiwepo, mtapumzika", usimjibu kwa mahubiri ya kukata tamaa kuwa dhambi. Kaa naye. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake usiku huo, na viuatilifu vya shamba vitolewe nyumbani viwekwe kwa jirani. Mpelekeni kituo cha afya kama mnavyompeleka mwenye homa kali, mkiwa naye. Wanaume wetu wamelelewa kubeba deni kimya, na kangomba inaongeza aibu juu ya deni, kwa kuwa ni jambo la sirisiri. Katika kazi yangu nilifika nyumba moja nikiwa nimechelewa kwa siku mbili. Sitaeleza zaidi, ila ndiyo sababu nakusisitiza uende upesi.

Nilisema nitarudi kwa jirani Mwislamu. Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi Waislamu ndio wengi, na ukoo mmoja una padri na una sheikh, wanachimba kaburi moja pamoja. Msaada wenu usiulize mtu anasali wapi. Pia msifanye peke yenu. Imamu wa msikiti wenu ana watu wake walio kwenye kangomba ile ile, kwa wanunuzi wale wale, na riba kwao ni haramu waziwazi, kwa hiyo huenda akawa na maneno makali kuliko ya padri. Kanisa na msikiti wakikubaliana juu ya ghala moja la mahindi na siku moja ya kuwapulizia wajane, mnunuzi wa kangomba hana pa kukimbilia, na hakuna atakayesema chakula kimetolewa kununua roho za watu.

Namna ya kutoa ni nzito sawa na kinachotolewa. Kumbuka Boazi alivyowaagiza vijana wake waangushe masuke makusudi ili Ruthu ayaokote, na wasimkemee. Alimsaidia bila kumwita mbele ya watu. Basi kwenu maombi ya mkopo au chakula yapokewe na watu wawili tu, wanaojulikana kwa kufunga midomo, na daftari likae kwao. Halmashauri ipewe jumla: tumekopesha madebe manane, yamerudi sita. Isipewe majina. Na hakuna kupiga picha ya mtu akipokea mfuko wa unga.

Ubwiri unga na mfuko vitahitaji vikao. Hizo familia tatu hazihitaji kikao. Nenda wiki hii, usiende na ujumbe wa watu wanane wenye daftari, nenda na mama mmoja wa jumuiya mnayeelewana. Fikeni asubuhi, na majembe begani, muulize wanalima wapi leo. Palilieni nao mpaka saa nne. Msiulize kuhusu kanisa. Mkipumzika chini ya mkorosho mwambie baba au mama wa nyumba kwamba bahasha za Kwaresima mwaka huu zimeondolewa, na kwamba mmewakumbuka. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kusema. Kama halmashauri bado haijakubali kuziondoa, basi nenda kwa paroko kesho kutwa kwanza, ili utakapolisema neno hilo shambani liwe kweli.